Kabla hujampeleka mtoto Gombe

Kila likizo ya Juni ikikaribia, hakosekani mzazi wa Ujiji au Mwanga anayeniuliza: "Dada, Gombe nimpeleke na huyu mdogo?" Nawaelewa. Boti zinatoka Kibirizi hapo tu, na mtoto wa Kigoma naye ana haki ya kuiona hifadhi ambayo wageni wanaifuata kutoka mbali tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960.

Lakini sokwe mtu anakula nyama. Anawinda mbega wekundu, na mara nyingi anachukua wadogo. Mwezi Mei 2002, dume aliyeitwa Frodo alimpokonya mtoto wa miezi 14 aliyekuwa amebebwa ndani ya hifadhi, akamuua. Wengi wanakisimulia kisa hiki kama cha mnyama katili. Mimi naona Frodo alifanya alichozoea kufanya msituni, kwa kiumbe mwenye ukubwa aliouzoea. Ndiyo maana nikisikia mzazi analalamikia sharti la kwamba aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata sokwe, simuungi mkono. Na tafadhali, usimwongezee mtoto umri getini.

Kijana aliyefikisha umri akae mita 10 au zaidi. Dume akija mbio, manyoya yamesimama, asikimbie wala asipige kelele. Ashike mti, amsikilize mwongozaji, dume apite. Chakula kisionekane kabisa. Nyani wa pale ufukweni wakishaona ndizi mkononi mwa mtoto, hawaombi.

Mwenye mafua abaki nyumbani, hata kama nauli imeshalipwa. Hapo sina huruma. Magonjwa yetu yanawapata sokwe: mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ulioaminika kuwa polio uliwaua baadhi yao Gombe na kuwaacha wengine vilema. Barakoa tunayovaa mbele yao inawakinga wao.

Wadogo wana Makumbusho ya Livingstone hapo Ujiji, alipokutana na Stanley mwaka 1871, na miembe ya kukimbizana chini yake.

Mtoto aking'atwa na nyani, popote pale, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu wala dawa ya meno. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu, na uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda.