Picha 84 na kikombe cha chai

Juzi mhariri alinirushia picha 84 za wauza samaki wa Feri, zote zitolewe mandhari ya nyuma kabla gazeti halijaenda mtamboni. Zamani ningekesha na Photoshop nikikata moja moja. Safari hii nikatumia rembg, programu ya bure: unaionyesha folda, inazipitia zote yenyewe. Nikaenda zangu kunywa chai.

Kurudi, kazi imekwisha. Zote ziko kwenye PNG, maana JPEG haiwezi kuacha sehemu wazi, ingejaza rangi. Safi! Nikawa tayari kuzituma.

Ndipo nikamwona yule mama aliyebeba mtoto mgongoni. Kile kichwa kilichokuwa kikichungulia begani hakipo. Mashine ilimchukulia mtoto kama sehemu ya ukuta. Na maelezo niliyoandika mwenyewe chini ya picha yanasema "akiwa na mwanawe"!

Jamani, nilitoka jasho. Nikazipitia zote 84 kwa macho. Mzee mmoja kapoteza mkongojo, anaelea tu. Tisa zilikuwa na kasoro. Nikazirekebisha kwa mkono hadi saa nane usiku.

Asubuhi mhariri ananiuliza nilichelewa nini wakati siku hizi kuna mashine.