Vienna: Jiji la mikutano linalomfaa hata mama anayenyonyesha

Mwaliko ulipofika, mwanangu alikuwa na miezi minane. Kongamano la afya la siku nne mjini Vienna, makao makuu ya Austria. Kwa mwandishi wa habari za afya, nafasi kama hiyo haiji kila siku. Lakini mtoto alikuwa bado ananyonya, na sikuwahi kulala mbali naye hata usiku mmoja.

Aliyenisukuma ni mama yangu. “Nenda mwanangu. Maziwa kamua uniachie, uji nitampikia mwenyewe. Mbona wewe nilikuacha kwa bibi yako nikienda semina Morogoro, na umekua?”

Nikacheka, kisha nikajifungia chooni nikalia kidogo.

Kwa wiki tatu nilikamua kila usiku na kugandisha. Kwa mzazi aliye kwenye hali kama yangu, maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 kwenye chumba kisicho na joto kali, hadi siku 4 kwenye friji, na takriban miezi 6 yakigandishwa vizuri. Andika tarehe kwenye kila chupa, na yaliyotangulia yatumike kwanza.

Vienna haikuanza jana kupokea wageni wa mikutano. Kuanzia Septemba 1814 hadi Juni 1815, watawala na mabalozi wa Ulaya walikutana hapa kupanga upya mipaka ya bara lao baada ya vita vya Napoleon. Leo kasri la Hofburg, walikoishi wafalme wa ukoo wa Habsburg, lina kumbi za mikutano. Ng’ambo ya mto Danube kuna majengo ya Umoja wa Mataifa yaliyofunguliwa mwaka 1979, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ambalo kazi zake ni pamoja na kuzisaidia nchi zetu katika tiba ya saratani kwa mionzi. Jirani yake kuna ukumbi mkubwa wa Austria Center. Mwaka 2010, mkutano wa kimataifa wa Ukimwi ulifanyika katika jiji hili.

Lakini kumbi kubwa zipo miji mingi. Kilichonisaidia mimi ni ukaribu.

Uwanja wa ndege uko takriban kilomita 18 kutoka katikati ya jiji. Treni ya haraka inakufikisha kituo cha Wien Mitte kwa dakika 16, na ya kawaida, ambayo nauli yake ni nafuu zaidi, huchukua kama dakika 25. Ukitoka hapo unabadilisha treni ya chini ya ardhi. Kutoka Schwedenplatz, katikati ya mji, hadi kituo cha majengo ya Umoja wa Mataifa ni vituo vitano tu kwa treni ya U1. Hakuna mageti ya kuzuia watu. Unagonga muhuri tiketi yako mwenyewe na kupanda. Usijaribu kupanda bila tiketi, maana wakaguzi hutokea ghafla na faini yake inauma. Mtoto aliye chini ya miaka sita hasafirii kwa nauli, na vituoni kuna lifti za kupitishia kigari cha mtoto.

Siku ya kwanza nilijidanganya kwamba ningevumilia hadi jioni. Kufika saa saba mchana kifua kilikuwa kimejaa, kinauma, na blauzi imelowa. Nilijifunika mtandio, nikatoka katikati ya mada, nikapanda treni. Vituo vinne, nikawa hotelini. Nilikamua, na kwa kuwa sikuwa na namna ya kuyafikisha nyumbani, nikayamwaga kwenye sinki. Mama yeyote aliyewahi kumwaga maziwa yake anajua uchungu wake. Kabla saa tisa haijafika nilikuwa nimerudi kwenye kiti changu.

Nikajiuliza: ingekuwa jiji lenye foleni ya saa mbili, ningefanyaje? Mama anayenyonyesha hapimi jiji kwa idadi ya viti ukumbini. Anapima dakika.

Kesho yake nilipata ujasiri wa kumuuliza binti wa mapokezi kama kuna chumba cha faragha. Hakushangaa. Alinipeleka kwenye ofisi ndogo yenye ufunguo na kuniletea jagi la maji. Kumbe kosa lilikuwa langu, la kutouliza.

Maji hayo yalikuwa ya bomba. Vienna hupata maji yake kutoka chemchemi za milima ya Alps, kupitia mifereji miwili mirefu, wa kwanza ukiwa umefunguliwa mwaka 1873 na wa pili 1910. Ukiagiza kahawa kwenye mikahawa yao ya zamani, unaletewa na glasi ya maji. Sikununua chupa hata moja ya maji kwa siku zote nne.

Faida nyingine ni saa. Vienna iko nyuma yetu kwa saa moja majira yao ya joto, na mbili majira ya baridi. Kila jioni niliwahi kumpigia mama kwa video kabla mtoto hajalala. Siku ya tatu mtoto alitazama simu, akanigeuzia mgongo. Mama akasema, “Amesusa tu, usijali.” Nilijali.

Asubuhi ya mwisho nilitembelea hospitali kuu ya zamani, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Vienna. Hapa, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wodi ya uzazi iliyohudumiwa na madaktari ilikuwa na vifo vingi kuliko ile ya wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuzalisha. Aliwaagiza wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Aprili mwaka huo, takriban wazazi 18 kati ya 100 walifariki katika wodi hiyo. Kufika Juni walikuwa takriban wawili. Hata hivyo wenzake wengi hawakumsikiliza, na akaondoka jijini mwaka 1850.

Nilisimama pale nikafikiri: kukutana peke yake hakuokoi mtu. Kusikilizana ndiko kunakookoa.

Ukipata mwaliko, anza mapema. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ya muda mfupi ni Yuro 90 kwa mtu mzima, na mtoto chini ya miaka sita halipi. Waandikie waandaaji uulize kuhusu chumba cha kukamulia. Chagua hoteli karibu na kituo cha treni. Mahitaji ya mtoto nunua Jumamosi, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa.

Nilipofika nyumbani, mwanangu alinitazama kama mgeni, akamkumbatia bibi yake shingoni. Nilikaa sakafuni, nikasubiri. Baada ya dakika kumi hivi alitambaa, akashika blauzi yangu, akaanza kuivuta.

“Si nilikwambia?” mama akasema, akaenda kuosha chupa.