Zege la Georgia na Makedi wa Nyumbani: Tulinde Vipi Nyasi za Gofu?

Klabu nyingi za gofu za kwetu Afrika Mashariki siku hizi zina vigari. Sioni ubaya wowote. Mzee anayesumbuliwa na magoti naye ana haki ya kucheza. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kigari hununuliwa kwanza, na swali la kitapita wapi huulizwa nyasi zikishakufa.

Mimi hutunza nyasi kwenye uwanja wa umma huku Georgia, Marekani, ambako karibu kila mchezaji hupanda kigari. Kigari cha betri kikibeba watu wawili na mifuko yao huzidi kilo 600. Uzito huo ukirudia mahali pale pale kutwa nzima, haukwaruzi majani tu, bali hushindilia udongo. Vitundu vinavyopitisha hewa na maji huzibika, hasa kwenye sentimita 5 hadi 8 za juu. Juzi nilichomeka bisibisi kwenye nyasi za katikati ya uwanja, ikazama hadi mpinini. Nikasogea mpaka pale vigari vinapoiacha njia ya zege kuingia kwenye nyasi, ikagota baada ya sentimita 3. Nikakata kipande cha udongo nikitazame: mizizi ilikuwa mifupi, imepinda kwenda pembeni badala ya kushuka.

Ndiyo maana huku hujengwa njia za zege zenye upana wa mita 2.4 au zaidi, ili hata gari la kazi lipite bila kukanyaga kando. Njia huinamishwa kidogo upande mmoja ili maji yatiririke. Karibu na grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, na mahali pa kuanzia huwekwa ukingo ulioinuka, maana hapo kila dereva hutamani kuegesha kwenye nyasi.

Lakini zege bila nidhamu halisaidii. Mvua kubwa ikinyesha, hubandikwa tangazo kwamba leo vigari visitoke njiani. Siku za kawaida mchezaji hufuata njia mpaka alingane na mpira wake, hukata kona moja hadi ulipo, hupiga, kisha hurudi njiani. Nasi watunzaji huhamisha kamba na vigingi mara kwa mara, magurudumu yasizoee pa kuingilia. Majira ya baridi tunakaza zaidi. Nyasi zilizoenea sana huku ni Tifway 419, chotara wa ukoka aliyetolewa mwaka 1960 na kituo cha utafiti cha Tifton, hapa hapa Georgia. Mzazi wake mmoja alitoka Afrika Kusini. Ukoka huo hulala wakati wa baridi. Ukichubuliwa Januari, hauponi mpaka joto lirudi.

Nyumbani shida ni nyingine. Nyanda za juu za Kenya hazina baridi ya kulaza nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni huko huko. Adui ni masika. Aprili moja nikiwa Nairobi, kwenye klabu fulani, niliona mifereji miwili ya magurudumu iliyojaa maji ikishuka mteremko hadi bondeni. Kila aliyefuata alikwepa tope kwa kupita kando, na uharibifu ukazidi kutanuka.

Je, tuige zege la Georgia? Tupige hesabu. Mashimo 18 yakiunganishwa hufika kilomita 6 hivi. Njia ya urefu huo, upana wa mita 2.4 na unene wa sentimita 10, inameza zaidi ya mita za ujazo 1,400 za zege. Tena sehemu nyingi za Nairobi zina udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Usipochimbwa na kujazwa moramu, zege litavunjika vipande.

Sisi tunacho ambacho Wamarekani wengi walikiacha: makedi, wale wanaowabebea wachezaji mifuko. Anayetembea na kedi hashindilii udongo kama kigari, na ujira anaomlipa unalisha familia. Kwenye Bandon Dunes, kituo cha gofu huko Oregon, Marekani, kilichofunguliwa mwaka 1999, watu hutoka mbali ili watembee. Vigari ni vya wenye ulemavu tu. Wanalipa pesa nyingi kupata jambo ambalo Limuru na Arusha ni desturi ya kawaida.

Kwa hiyo, rai yangu kwa kamati za viwanja ni hii: vigari viwe vichache, vya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu. Jengeni vipande vifupi vya njia panapoumia zaidi: kando ya grini, mahali pa kuanzia, kwenye miteremko, na mabondeni maji yanakotuama. Tambarare inatoshwa na changarawe iliyoshindiliwa vizuri, yenye mtaro. Zege liwe la miteremko, ambako mvua ingezoa changarawe. Masika yakianza, meneja wa uwanja awe na mamlaka ya kuzuia vigari asubuhi bila kupigiwa simu na mwanachama mkubwa. Na kedi afundishwe kutunza nyasi na alipwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa yeye huuzunguka uwanja kila siku, na ndiye atakayeona alama ya gurudumu kabla haijawa mfereji.