Kutabiri Kikosi Ni Rahisi, Kuonekana Ndio Kazi

Watu wangu wa Ukunda, Diani, Msambweni, na nyinyi mliovuka Likoni mkajifanya hamtujui tena, mambo? Leo sina orodha ya "watakaoitwa Stars". Najua mnaisubiri. Kocha akikaribia kutaja kikosi simu yangu hailali: "Kaka, winga wa kulia nani?" "Kipa wa pili je?" Leo nawafungulia jikoni mwone hiki chakula hupikwa vipi, manake kuna kitu kwenye hii sufuria kinaniuma, na si mpira peke yake.

Tuanze mbali kidogo. Marekani wana kitu kinaitwa drafti. Si ile ya vizibo vya soda ambayo wazee wetu huchezea maskani mpaka adhana ya magharibi. Hii ni ya ule mpira wao wa kubeba mikononi, NFL. Kila mwaka mwezi wa Aprili timu 32 zinachagua wachezaji kutoka vyuo vikuu, raundi saba. Timu iliyoburuta mkia msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anangoja nyuma ya foleni, isipokuwa mtu awe ameuza zamu yake. Wameanza hii kitu 1936. Na miezi kabla ya siku yenyewe, kuna watu wanalipwa mshahara kabisa kutabiri nani atachukuliwa na nani. Kazi yangu mimi, ila wao wana bima ya matibabu.

Wanawezaje? Kila kitu kiko wazi. Urefu, uzito, mbio za yadi 40, video za mechi tangu kijana yuko shule ya upili. Unaangalia timu ina pengo wapi, unaangalia nani amebaki, unajaza. Na bado mpira unawacheka. Tom Brady mwaka wa 2000 alichukuliwa namba 199, baadaye akabeba Super Bowl saba. Brock Purdy 2022 alichukuliwa namba 262, wa mwisho kabisa, hakuna mwingine nyuma yake. Februari 2024 ndiye alianza fainali na San Francisco 49ers. Wa mwisho kabisa, lakini jina lake lilisomwa. Shika hilo neno, nitalirudia.

Sisi Kenya hatuna drafti. Kitu cha karibu tulichopata ni CHAN ya Agosti 2025, ile tuliyoandaa pamoja na Tanzania na Uganda. CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani pekee. Hapo ndo utabiri ulikuwa mtamu, manake hakuna kujificha nyuma ya majina ya Ulaya. Benni McCarthy alikuwa amepewa timu mwezi wa Machi, miezi mitano tu kabla, na ilibidi achague kutoka kwenye hii hii ligi yetu tunayoitukana kila wikendi.

Mimi hutumia maswali matatu. Moja: kocha ana pengo kwenye hio namba? Kama ana mabeki wa kati wanne wazima, usinipigie kelele kuhusu wa tano. Mbili: mchezaji amecheza dakika ngapi miezi mitatu iliyopita? Jina kubwa lililokaa benchi ni jina tu. Tatu: anacheza mahali ambapo jicho la kocha linafika? Hilo la tatu watu hulidharau, na ndilo zito kuliko yote. Wachezaji wawili wakilingana kila kitu, ataitwa yule ambaye msaidizi wa kocha alimwona kwa macho yake Jumamosi.

Na mliona ilivyoenda. Tulipiga DR Congo 1-0, tukatoka 1-1 na Angola, tukampiga Morocco 1-0 tukiwa kumi uwanjani, tukamaliza na Zambia 1-0. Ilikuwa CHAN yetu ya kwanza kabisa na tukaongoza kundi. Madagascar wakatutoa robo fainali kwa penalti, na hio sitaki kuizungumzia, bado ni kidonda. Lakini muangalie Ryan Ogam. Straika wa Tusker, bao la Morocco ni lake, la Zambia ni lake. Kabla vumbi halijatulia alikuwa ameenda Austria, Wolfsberger AC. Mguu ulikuwa ni ule ule wa Julai. Kilichobadilika ni idadi ya macho.

Sasa turudi nyumbani, swali la tatu. Ligi Kuu ina timu 18. Kwale tuna ngapi? Sifuri. Pwani nzima tunamwangalia Bandari kule Mbaraki, na yeye mwenyewe taji la ligi hajawahi kulibeba. Klabu ya Pwani kuchukua ligi ilikuwa Feisal, 1965. Babu zetu ndo walisherehekea. Ukitoka hapa Bongwe ni boda mpaka Ukunda, matatu mpaka Likoni, feri, halafu mguu au tuktuk. Hio ni safari ya kwenda kutazama mechi. Jicho la kocha wa taifa kuja upande huu ni safari nyingine kabisa.

Na mpira uko. Njoo saa kumi na moja jioni uone. Ikikaribia 2027 utauona zaidi, kila mwenye kutaka kura atakuja na kombe lake, jezi zina picha yake mgongoni, mipira mitatu na mbuzi wa mshindi. Siku ya fainali DJ anapiga mpaka usiku, mheshimiwa anapiga penalti ya kufungulia, kipa anaruka upande mwingine kwa heshima. Halafu? Hakuna aliyeandika nani alifunga. Hakuna aliyeandika nani alicheza. Mbuzi ameliwa na rekodi imeliwa naye.

Kuna beki wa kushoto hapa mtaani. Ana miaka 22. Asubuhi ni bodaboda, jioni ni mpira, na tangu nimjue sijaona winga akimpita mara mbili kwa njia moja. Aliwahi kwenda majaribio kwenye klabu fulani, mamake akatoa pesa ya chama. Walikuwa wengi kama foleni ya feri. Akapewa dakika kumi na tano, tena upande wa kulia, na kizibao kisicho na namba. Akatoka. Hakuna aliyemuuliza anaitwa nani. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa stejini, kofia kichwani.

Juzi tuko hapo stejini, mimi nabishana na maboyz kuhusu kikosi, yeye akaniuliza: "Sasa wewe nabii, mimi nitaitwa mwaka gani?" Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Mjomba wake ameshalipa nusu ya pesa ya wakala ili aende Ghuba kuwa mlinzi wa duka. Nusu iliyobaki inatakiwa kabla ya mwezi kuisha. Alikuwa ananiuliza kweli.

Nilimjibu ukweli: "Kaka, kwa hesabu zangu jina lako halitoki. Na si miguu yako. Ni hapa tulipo."

Akasema, "Basi hesabu zako zinajua barabara, hazijui mpira."

Sijalala vizuri tangu siku hio. Manake pia mimi nimetabiriwa. Nilipoingia chuo ukoo wote ulishajua nitakuwa mhasibu, na shangazi alikuwa ameshanichagulia rangi ya tai. Mwaka wa pili deni la karo likapita kimo changu nikatoka. Sasa Baba Mdogo akinitambulisha kwa wageni anasema, "Huyu alikuwa chuo." Alikuwa! Kama marehemu. Watu hutabiri maisha yako kwa kuangalia umesajiliwa wapi. Ukitoka kwenye rejista, wanakufuta kwenye orodha.

Na hapa kuna kitu lazima mjue. Kampuni moja ya beti ilinitafuta. Walitaka nibandike kodi yao chini ya kila utabiri, halafu kila anayejisajili kupitia kwangu, mimi nakula. Pesa yenyewe ingemaliza deni langu la karo na chenji ibaki. Nilikataa. Si eti mimi ni mtakatifu, karo bado nadaiwa. Ni kwamba nawajua mnaonisoma. Wengine mko kidato cha tatu, simu ni ya mamako. Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo ya beti siku 30, na mlivyo wajanja mikeka iliendelea kuwekwa tu. Mkeka ukichanika, kampuni haipotezi kitu. Anayepoteza ni yule aliyeweka nauli ya kesho kwa sababu mimi nilisema fulani ataanza. Utabiri wangu ukiwa mazungumzo ya stejini, mabaya yake ni kelele tu. Ukiwa mkeka, mabaya yake ni njaa ya mtu.

Turudi kwa drafti mara ya mwisho. Juni 2025, drafti ya NBA, kijana anaitwa Khaman Maluach alichukuliwa namba 10. Mzaliwa wa Sudan Kusini, amekulia ukimbizini Kawempe, Kampala. Alianza kushika mpira wa kikapu 2019, na stori inayojulikana ni kwamba mtu wa bodaboda alimwona njiani na ule urefu wake, akasimama, akamwambia nenda ukacheze. Mtu wa bodaboda! Jicho moja, steji moja. Kutoka hapo akafika akademia Senegal, akafika chuo cha Duke, jina likasomwa.

Kwa hivyo kuanzia msimu huu nitatoa orodha mbili. Ya kwanza ni ile mliyoizoea, nani ataitwa. Ya pili ni nani anafaa kuangaliwa, wote kutoka Kwale, wavulana na wasichana, kutoka Lungalunga mpaka Kinango. Nahitaji mikono yenu. Ukirekodi mechi, laza simu, usiisimamishe. Panda mahali pa juu, hata kama ni juu ya pikapu. Rekodi dakika zote 90, usiniletee mabao peke yake, beki wa kushoto hafungi mabao. Andika jina, namba ya jezi, umri wa kweli (WA KWELI, jamani) na tarehe. Muombe mchezaji ruhusa, na kama ni mdogo muombe mzazi wake. Nitaweka zote mahali pamoja, na kila klabu ya ligi nitaitumia, iwe inataka au haitaki.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Uganda na Tanzania. Sisemi mtu wa Bongwe atakuwa kwenye kikosi. Nasema asikose kwa sababu hakuna aliyeandika jina lake.

Ya kwanza narekodi Jumapili hii saa kumi jioni. Beki wa kushoto, jezi namba tatu. Nimemuomba ruhusa ya kutaja jina lake, akaniambia nicheze kwanza mechi iishe, halafu nimuulize tena.