Thamani ya Kipande cha Karatasi

Watu wamekusanya vitu tangu kale. Mmoja hukusanya stampu, mwingine sarafu zilizokwisha nguvu sokoni, mwingine hujaza nyumba kombe na simbi za pwani, wala hapana awaulizaye. Lakini mzee akikusanya kadi zenye picha za wanyama wasiokuwapo duniani, walimwengu humtazama kana kwamba akili imemhama. Mimi ni mmoja wa wazee hao. Nakaa kwa mwanangu katika jimbo la Ohio, Marekani, na mwalimu wangu katika elimu hii ni mjukuu wangu mwenye umri wa miaka tisa.

Kadi ninazozisema ni za Pokémon. Zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, zikatolewa kwa Kiingereza huku Marekani mwaka 1999. Kila moja ni karatasi nzito ienezwayo katika kiganja, na nyingi zina picha ya mnyama, nguvu zake na udhaifu wake. Watu wawili hushindana nazo kwa zamu kama wachezavyo karata, ila hapa kila mchezaji huja na kadi zake mwenyewe, 60 kwa hesabu. Toleo la kwanza la Kiingereza lilikuwa na kadi za namna 102, na ya nne katika orodha yake ni Charizard, joka la rangi ya chungwa lenye moto mkiani. Joka hilo limevuruga bongo za watu wazima wengi kuliko za watoto.

Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, wale waliokuwa watoto mwaka 1999 walifungua masanduku yao ya zamani, wakaukuta utoto wao umo humo. Sasa walikuwa na mishahara, na serikali iliwapa fedha za msaada, ilhali mahali pa kuzitumia palikuwa pachache. Bei zikaruka. Nyuma ya wapenzi wakaja walanguzi. Mwezi wa Mei 2021 maduka ya Target yalisimamisha uuzaji wa kadi ndani ya majengo yao, baada ya watu kupigana katika uwanja wa magari huko Wisconsin kwa ajili ya kadi za michezo, hata mmoja wao akachomoa bastola. Miezi miwili kabla ya hapo kampuni ya PSA, ipimayo uzima wa kadi kwa alama 1 hadi 10, ilikuwa imelemewa hata ikasimamisha kwa muda sehemu kubwa ya kazi yake.

Alama hizo ndizo zilizonifumbua macho. Nilidhani bei ni ya picha, au ya nguvu ya mnyama mchezoni. Sivyo. Kadi mbili za joka lile lile, za mwaka ule ule, moja yenye alama 10 na nyingine yenye 4, zaweza kupitana bei mara nyingi sana, na tofauti yao ni weupe mwembamba ukingoni na mkwaruzo ambao jicho langu halioni pasipo miwani. Kadi iliyopendwa na mtoto, ikashikwa na kuchezewa, hushuka thamani. Kadi ambayo mtoto alinyimwa hupanda.

Wala uhaba peke yake si maelezo ya kutosha. Hadi Machi 2025 kadi za Pokémon zilizochapwa zilikuwa zimepita bilioni 75, na bado tunaambiwa hazipatikani! Wamarekani walikwisha kupewa somo hili kwa kadi zao za besiboli. Kampuni ya Topps ilichapa mwaka 1952 kadi ya mchezaji Mickey Mantle, na mabaki ya toleo lile yakakosa mnunuzi. Mwaka 1960 Sy Berger, mtumishi wa kampuni hiyo, kwa masimulizi yake mwenyewe, aliyapakia katika tishari akayatupa katika bahari ya Atlantiki. Mwezi wa Agosti 2022 kadi moja ya Mantle ya mwaka ule iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Watu waliposikia kuwa kadi za zamani ni mali, wakaanza, kati ya miaka ya 1980 na 1990, kuweka akiba mpya kwa maboksi. Viwanda navyo vikachapa bila kiasi. Maboksi hayo leo hayana thamani ya kusumbua mtu, maana kila aliyeweka alikuta jirani yake naye ameweka.

Basi mgeni mwenye kipato kidogo afanyeje? Sisi tumejiwekea dola 10 kwa mwezi, kwani ada ya shule ya mjukuu wangu mwingine aliyeko Tanga haiwezi kulingojea joka. Pakiti mpya hatununui ila sikukuu. Bei ya kiwandani ni karibu na dola 5 kwa kadi 10, lakini toleo likipendwa, kama lile la Prismatic Evolutions la Januari 2025, walanguzi huzikomba kabla ya watoto kutoka shuleni, kisha huziuza kwa bei waitakayo. Na hata kwa bei ya haki, kununua pakiti ni bahati nasibu. Sisi hununua kadi moja moja tuijuayo, na hungoja majuma kadhaa baada ya toleo jipya, wakati wengi wamekwisha kufungua pakiti zao na bei ya kadi nyingi imeanguka. Zaidi ya yote tunapenda kadi zilizochoka, zenye pembe butu. Mchezoni zinauma sawasawa na zile za maelfu.

Nami nina sababu yangu ya kutotaka kufukuzwa na bei. Mjukuu huyu anaelewa Kiswahili, lakini hujibu kwa Kiingereza, mezani, garini na hata katika simu za nyanya yake. Penye kadi tumewekeana sharti kwamba pigo lisilotamkwa kwa Kiswahili halihesabiwi. Mchezo una hali tano za kumpata mnyama: usingizi, sumu, kuungua, kuchanganyikiwa na kupooza. Zote anazijua. Sikuona njia nyingine ya kumfundisha mtoto wa Ohio neno “kupooza” akalifurahia.

Mwaka huu kulizuka jambo. Katika pakiti ya Idi alipata kadi ing’aayo, safi kabisa, na muuza duka akatushauri tuitie katika plastiki tuipeleke kupimwa, maana yaweza kulipa ada ya Tanga kwa muhula mmoja. Nilipiga hesabu siku tatu. Nilimweleza mtoto habari yote, pamoja na ada. Akaniuliza, “Babu, wakiipima, tutaicheza tena?” Nikamwambia hapana, itakaa ndani ya plastiki. Akafikiri, akasema tuiuze hivi hivi kwa yule muuza duka, kwa bei ndogo, tupeleke fedha Tanga, na kwa dola 10 za mwezi ule tununue ile ile iliyochakaa.

Tulifanya hivyo. Iliyochakaa ina mstari wa kunjo katikati, na jina la mtoto fulani limeandikwa nyuma kwa kalamu ya wino. Jumamosi iliyopita ilinilaza mnyama wangu mara mbili.