Nani Amlipe Rubani wa Kamba?

Leo tuiweke kompyuta pembeni kidogo, ndugu msomaji. Tutairudia kabla hatujaachana. Nataka tuzungumze kuhusu ndege zisizo na injini, na swali moja ambalo limenikaa kichwani kwa miaka kadhaa: kazi ngumu, yenye hatari, inayodai ujuzi wa muda mrefu, ifanywe bure au ilipiwe?

Tuanze kwa kuelewana. Glaida ni ndege yenye mabawa marefu na membamba. Nyingi hazina injini kabisa, kwa hiyo haziwezi kuondoka ardhini zenyewe. Kuna njia mbili kuu za kuzirusha. Ya kwanza ni winchi: injini kubwa iliyosimama mwisho wa uwanja huvuta kebo ndefu kwa kasi, na glaida hupanda kama tiara ya mtoto anayekimbia. Ya pili ni kuvutwa na ndege ndogo yenye injini, kwa kamba, mpaka kimo cha futi 2000 hivi, yaani kama mita 600. Hapo rubani wa glaida huachia kamba na kila mmoja hushika njia yake. Njia hii ni ghali zaidi kwa sababu ndege ile inakunywa mafuta.

Ukishaachiwa, unatafuta hewa yenye joto inayopanda, unazunguka ndani yake kama mwewe. Ukiipata unaweza kukaa juu saa nyingi. Ukiikosa, baada ya dakika chache uko chini unasukuma ndege kurudi kwenye foleni. Hata hapa kwetu glaida zimewahi kurushwa, kule Mweiga karibu na Nyeri.

Mchezo huu ulikua kwa nguvu Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati mkataba wa Versailles ulipowabana Wajerumani kuhusu ndege za injini. Mwaka 1920 vijana walikusanyika kwenye mlima wa Wasserkuppe kwa mashindano ya kwanza. Uingereza nao wakaunda chama chao cha kitaifa, British Gliding Association, mwaka 1929. Tangu siku hizo mtindo umekuwa ule ule: klabu. Wanachama wenyewe husukuma ndege, huendesha winchi, hukata nyasi, hupika chai. Na wanachama wenyewe hufundisha na kuvuta. Kwa lugha yetu tungesema ni harambee yenye mabawa.

Mimi niliingia humo kwa ajali njema. Nilikuwa na mkataba wa kazi kusini mwa Uingereza, na kila nikisafiri wikendi niliona ndege nyeupe zikizunguka kimya juu ya kilima. Siku moja nikakata kona. Wakanikaribisha, wakaniweka kiti cha mbele cha ASK 21, ndege ya viti viwili inayotengenezwa na kampuni ya Schleicher chini ya mlima ule ule wa Wasserkuppe. Mwalimu huketi nyuma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wikendi ya tatu waligundua mimi ni mwandishi wa programu, na jembe langu likawa kompyuta.

Walikuwa wanaandika kila mrusho kwenye karatasi: nani ameruka, ndege gani, nani amevuta, dakika ngapi, anadaiwa nini. Jumapili usiku mtu mmoja alikaa peke yake akijumlisha. Nikawaandikia programu ndogo, PHP na MySQL, hakuna maajabu. Sikulipwa, wala sikuomba. Nilikuwa najifunza kuruka na wao walikuwa wananifundisha bila kunidai ujira wa mwalimu. Nililipia ndege na kamba tu.

Baada ya miezi michache data ikaanza kuongea. Mtu yeyote aliyewahi kuandika SELECT na GROUP BY anajua raha hiyo, na anajua pia kwamba majibu mengine hukuyaomba. Marubani wa kuvuta walikuwa na saa nyingi za angani. Walimu pia walikuwa na mirusho mingi. Lakini nilipotenga safari ambazo mwalimu ameruka kwa ajili yake mwenyewe, safu ile ilikuwa karibu tupu. Mwalimu wangu, fundi wa mabomba kwa kazi yake ya kila siku, alikuwa amefundisha karibu kila Jumamosi ya msimu ule. Safari zake mwenyewe zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vilibaki.

Wakati huohuo kulikuwa na mgogoro. Orodha ya marubani wa kuvuta ilikuwa na mapengo, na bila mvutaji siku nzima inakufa. Mweka hazina akaleta pendekezo kwenye mkutano wa wanachama: tuwalipe wavutaji kiasi fulani kwa kila mrusho. Wengi waliona ni jambo la haki. Mimi pia niliona hivyo, mpaka mzee mmoja mvutaji aliposimama.

"Mkinilipa kwa kila mrusho," alisema, "jioni upepo ukianza kubadilika nitakuwa nahesabu. Sitaki kuhesabu nikiwa kule juu."

Mkenya yeyote anaelewa hapo bila kufafanuliwa. Dereva wa matatu mwenye hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni si mtu mbaya. Ni hesabu inayobonyeza mafuta. Sasa mweke dereva huyo angani, na nyuma yake mwanafunzi kwenye kamba. Glaida ikipanda juu kupita kiasi wakati wa kuvutwa, inaweza kuinua mkia wa ndege inayovuta na kuielekeza pua chini. Mkiwa juu sana, mvutaji anaachia kamba na kujiokoa. Mkiwa karibu na ardhi, huenda muda usitoshe. Mtu anayefanya kazi hiyo unataka awe huru kusema "leo basi" bila kukosa hata shilingi moja.

Ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la kulipa au kutolipa linaficha maswali mawili makubwa zaidi. La kwanza: huyu mtu tayari anapata nini? La pili: tukimlipa, tunanunua kitu gani hasa?

Chukua mvutaji. Kijana anayetaka kuwa rubani wa ndege za abiria anahitaji saa za angani, na saa hizo ni ghali mno. Klabu inampa bure, tena inamjazia mafuta. Marekani wameliona hili kisheria. Kanuni ya 61.113 inamkataza rubani mwenye leseni ya binafsi kurusha ndege kwa malipo isipokuwa katika hali chache, na wanasheria wa mamlaka ya anga, FAA, wametafsiri neno malipo kwa upana: hata saa za kuruka bila gharama zinaweza kuhesabiwa. Kuvuta glaida kumetengewa kifungu chake ndani ya kanuni hiyo, na kanuni ya 61.69 inamdai mvutaji wa leseni ya binafsi awe ameshafikisha angalau saa 100 akiwa rubani mkuu. Kwa maneno mengine, saa za angani zenyewe ni aina ya pesa.

Mwalimu je? Naye anaandika saa kwenye daftari lake, lakini fundi wa mabomba mwenye miaka hamsini hana ndoto ya kuendesha Boeing. Alichokipenda ni kwenda mbali, kuondoka saa tano asubuhi wakati mawingu yanaanza kuota na kurudi jioni. Siku nzuri kwa hilo ndiyo siku nzuri ya kufundisha. Kwa hiyo kila Jumamosi anayotufundisha anatoa kitu kile kile kilichomleta klabuni. Mvutaji anapokea, mwalimu anatoa, na sote tunawaita kwa jina moja: wanaojitolea. Jina hilo lilikuwa linaficha deni.

Nilimuuliza siku moja tukifunika ndege. Kama klabu ingemlipa, angependa kiasi gani?

"Sitaki pesa," akasema. "Nataka Jumamosi moja iwe yangu."

Tena kuna jambo kwenye kiti cha nyuma ambalo pesa inaweza kulichafua. Mwalimu ndiye anayeamua siku ya wewe kuruka peke yako. Akiwa hapati chochote kutoka kwako, ukisikia "bado" unajua ni bado kweli. Akilipwa kwa kila safari, utaanza kujiuliza kama anakuchelewesha ili mfuko wake ujae. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa, lakini shaka imeshaingia kati yenu, na mnahitaji kuaminiana mkiwa mita 600 juu ya shamba la ngano.

Usidhani basi nasema kila mtu afanye bure. Kujitolea kuna ubaguzi wake wa kimyakimya. Nani anaweza kutoa Jumamosi zote za kiangazi? Aliyestaafu, au mwenye mshahara mnono wa Jumatatu hadi Ijumaa. Muuguzi wa zamu hawezi. Kijana wa dukani hawezi. Klabu inayotegemea bure peke yake inaweza kuzeeka pamoja na walimu wake, halafu ishangae vijana wako wapi. Kwa upande mwingine, ukiwalipa wote ujira kamili, bei inapanda na kijana yule yule anafungiwa nje kwa mlango mwingine. Mimi mwenyewe nisingeruka kama ningetakiwa kulipa saa za mwalimu.

Wajerumani wana njia ya katikati ambayo naipenda. Mkufunzi wa muda katika chama kisicho cha faida anaweza kupokea kiasi fulani kwa mwaka bila kutozwa kodi. Mwaka 2021 kiasi hicho kilipandishwa kutoka euro 2400 hadi 3000, na kwa kazi nyingine za kujitolea kutoka euro 720 hadi 840. Huwezi kuishi kwa pesa hizo. Lakini zinalipa mafuta ya gari na zinasema: tumekuona.

Klabu yetu iliamua hivi. Siku za katikati ya wiki, ambazo wanaojitolea hawapatikani, waliajiri mvutaji mmoja kwa ujira wa siku: iwe mirusho thelathini au mvua tupu, anapata kile kile. Wikendi ikabaki ya kujitolea. Mwalimu aliyefundisha siku nzima alipata mrusho mmoja wa bure wa kwake, na kila mwezi alipewa wikendi moja ambayo hakuna anayeruhusiwa kumpigia simu. Gharama iligawanywa kwenye ada ya mwaka ya wanachama wote. Kazi yangu ilikuwa kuongeza ripoti moja kwenye programu: safari za mwalimu alizoruka kwa ajili yake mwenyewe. Zikikaa sifuri muda mrefu, jina lake linageuka jekundu kwenye skrini ya anayepanga zamu.

Sasa turudi kwenye kompyuta kama nilivyoahidi. Mwaka 2014 dosari ya Heartbleed ilipogunduliwa, dunia ilishtuka kujua kwamba OpenSSL, programu inayolinda siri za tovuti nyingi, ilitunzwa na watu wachache mno kwa michango midogo mno. Mwaka 2024 ikaja xz. Mtunzaji wake alikuwa amechoka, watu wakawa wanamsukuma, kisha akatokea "msaidizi" mpole ambaye baada ya kuaminiwa alipenyeza mlango wa siri. Injinia mmoja, Andres Freund, aliugundua kwa sababu aliona kuingia kwa SSH kunachelewa nusu sekunde hivi. Tulikuwa na takwimu za kila badiliko la msimbo. Hatukuwa na jina lililogeuka jekundu.

Na hapa nyumbani je? Wewe kijana uliyeombwa kutengeneza tovuti ya kampuni ya mtu "ili ujulikane", uliza maswali yale mawili. Unapata nini? Kama ni saa za angani, yaani kazi itakayokufundisha na kukupeleka mbele, pengine ni haki, kwa muda. Kama unatoa Jumamosi zako na anayefaidika ni mwenye kampuni, hiyo si harambee. Mwandikie bei. Na ukilipwa, angalia kipimo. Anayelipwa kwa mistari ya msimbo ataandika mistari mingi, na anayelipwa kwa dosari alizoziba hatakosa dosari za kuziba.

Mkataba wangu uliisha nikarudi Nairobi. Programu ile waliipeleka kwa kijana mwingine, mwanafunzi wa chuo, ambaye walikubaliana kumlipa kiasi kidogo kwa mwezi. Nilifurahi waliponiandikia. Nilimtumia maelezo ya hifadhidata, nikamwomba jambo moja tu: ile ripoti ya walimu asiifute, hata kama haiingizi pesa yoyote.