Mzee Karloff na Kisa cha Samarra

Vijana wa ushairi huniuliza kwa nini mtu aliyefundisha Kiswahili sekondari hadi kustaafu apoteze usiku wake kutazama filamu za kutisha za zamani, tena zile zilizotengenezwa kwa fedha za kuungaunga. Huwajibu kwamba humo nimepata somo la utamkaji ambalo chuo cha ualimu hakikunipa. Chuoni tulihesabu mizani na kupanga vina. Namna ya kulibeba neno kinywani haikuwamo katika muhtasari.

Tazameni Targets, filamu ya mwaka 1968. Mtayarishaji Roger Corman, ambaye ubahili wake ulikuwa gumzo Hollywood, alikuwa akimdai Boris Karloff siku mbili za kazi. Akamwambia Peter Bogdanovich, kijana ambaye jina lake lilikuwa halijavuma, azitumie siku hizo na kuchanganya na vipande vya filamu yao ya awali, The Terror. Kwa lugha ya nyumbani, apashe kiporo. Karloff alikuwa na umri wa takriban miaka 80, mapafu yamechoka, miguu haimtii.

Katikati ya kiporo hicho, mzee anaketi katika chumba cha hoteli na kusimulia kisa. Mtumishi wa Baghdad anakutana na Mauti sokoni, anaogopa, anaazima farasi wa bwana wake na kukimbilia Samarra. Bwana anapomuuliza Mauti kwa nini alimtisha mtumishi wake, anajibiwa kuwa haikuwa kutisha bali kushangaa kumwona Baghdad, maana miadi yao ilikuwa Samarra usiku ule. (Rumi naye ana kisa cha jinsi hii katika Mathnawi, ambamo anayekimbia anaishia India.) Kamera inamsogelea Karloff polepole mpaka uso wake unajaa. Hakuna zimwi wala damu. Hapazi sauti, kila neno analipa nafasi yake, na jibu la mwisho analitamka kana kwamba ni habari ya kawaida kabisa. Hapo ndipo mwili hunisisimka, ingawa kisa nakijua. Alikimaliza kwa mkupuo mmoja, na mafundi wote wakampigia makofi. Februari 1969 alifariki.

Peter Cushing naye, aliyekuwa ameigiza katika Hamlet ya Laurence Olivier mwaka 1948, hakuiona Dracula ya 1958 kuwa kazi ya kudharauliwa. Wazo la kukingamisha vinara viwili vya mishumaa vikawa msalaba lilikuwa lake mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ya kanda mnazonitumia, ndugu zangu washairi. Mashairi mengi ni mazuri yakiwa karatasini. Kisha yanapigiwa ngoma, yanatiwa mwangwi, na msomaji anakimbia kutoka kina hadi kina kama anayesoma orodha ya bei dukani. Wengine hupaza sauti pale wanapohofia kuwa neno halina nguvu, na kwa kufanya hivyo wanatuonyesha lilipo. Kabla ya kunitumia nyingine, zimeni ngoma, ketini kitini, mnisomee ubeti wa mwisho peke yake.